Fumbo la Mwezi: Jembe na Shamba



Mwezi uliopita tuliwapa maneno mawili yaliyovurugwa silabi: LI-MU-MWA na MA-HU-RU. Katika la kwanza mlitakiwa kutwaa LI, katika la pili MA, kisha mjibu: Jembe humwambia mwenyewe neno gani asubuhi, na shamba humrudishia neno gani siku ya mavuno? Maneno yenyewe ni MWALIMU na HURUMA. Jembe husema, LIMA. Shamba hujibu, MALI. Watu wa milima ya Upare, waliorithi ndiva na mifereji ya baba zao, hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Huko Marekani fumbo la namna hii huitwa Jumble, nalo lilibuniwa na Martin Naydel mwaka 1954. Wao huvuruga herufi, na picha ya kuchekesha huelekeza kwenye jibu, ambalo aghalabu hucheza na maana mbili. Sisi twavuruga silabi, kwa kuwa Kiswahili kina mchezo wake wa zamani uitwao kinyume: silabi ya mwisho hutangulizwa, nyumba ikawa mbanyu, kesho ikawa shoke. Mchezo huo hautaki kalamu, wataka sikio.

Jambo hili tulilifahamu vema katika nyumba moja milimani juu ya Same. Kijana wa shule alikuwa ameinamia gazeti, na bibi yake alipouliza kuna nini, akamjibu, “Bibi, hili ni la wanaojua kusoma.” Bibi alinyamaza, akageukia moto wake. Nasi tuliona haya, maana sisi ndio tuliolichapa fumbo hilo, wala hatukumfikiria mtu wa namna yake.

Baba wa kijana akasema, “Msomee bibi yako, tena kwa sauti.” Kijana akasoma, “Li-mu-mwa.” Kabla hajafika la pili bibi akasema, “Mwalimu. Haya, mjukuu wangu, endelea.” Hata walipofika kwenye jembe na shamba, kijana alikuwa angali akiandika, bibi alikwisha kucheka. Ndipo kijana akasogeza kigoda chake karibu naye, akamwomba radhi.

Basi twawasihi: fumbo hili lisomwe kwa sauti jioni, wote wakiwapo, na asiyejua kusoma apewe nafasi ya kwanza kujibu.

Fumbo la mwezi huu: panga KA-BA-RA, utwae silabi KA, panga BU-TA-KI, utwae TA. Ziunge, upate neno moja. Mchota maji huliweka kichwani chini ya mtungi. Mwenye kiu huchotea maji. Mwenye shoka huliamuru shoka lake. Ukiligeuza, hufagiliwa mlangoni. Ni neno gani?

Jibu mtalipata mwezi ujao. Kaeni salama.