Mchekeshaji Naye Ashike Usukani

Kuna dhana humu nchini kwamba kazi ya mcheza vichekesho katika televisheni ni kusema aliyoandikiwa, kutuvunja mbavu, kisha kungoja malipo yake. Dhana hiyo ina madhara, na wa kwanza kuumia ni mchezaji mwenyewe.

Hebu tumtazame Ron Howard wa Marekani. Mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 6, alianza kuigiza mtoto Opie katika "The Andy Griffith Show". Mwaka 1974 akawa kijana Richie katika "Happy Days", mchezo uliopendwa mno. Angaliweza kuridhika na sifa hizo. Lakini mtengenezaji sinema Roger Corman alipomtaka acheze katika "Eat My Dust" ya mwaka 1976, Howard alikubali kwa sharti kwamba baadaye naye apewe filamu ya kuongoza. Ndivyo alivyoongoza "Grand Theft Auto" mwaka 1977, akiwa na miaka 23, na humo humo akacheza. Akaiacha "Happy Days" mwaka 1980, akaongoza "Splash" (1984) na "Apollo 13" (1995). Mwaka 2002 alipewa Oscar ya mwongozaji bora kwa "A Beautiful Mind".

Bila shaka wako watakaosema kwamba Hollywood kuna fedha, na kwamba baba yake Howard alikuwa mwigizaji aliyemfungulia njia. Ni kweli. Hata hivyo, filamu yake ile ya kwanza ilikuwa ya gharama ndogo. Alichokidai si mshahara mnono, bali nafasi ya kujifunza.

Sisi tulikuwa na Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa "Vitimbi". Alituchekesha kwa miaka mingi, na kabla ya kufariki mwaka 2015, wananchi walilazimika kumchangia fedha za matibabu ya macho. Ukarimu huo ni wa kusifiwa, lakini mtu aliyelifurahisha taifa zima hapaswi kungoja mchango.

Kwa hivyo vituo vyetu viwape wachezaji wa siku nyingi angalau kipindi kimoja kwa mwaka wakiongoze wenyewe. Nao wachezaji, kabla ya kutia sahihi mkataba, wadai jambo hilo liandikwe. Sura huchakaa na watazamaji huchoka, lakini wahenga walisema ujuzi hauzeeki.