Ziarani Tubebe Muthokoi

Mwaka jana tulipozuru mwamba wa Nzambani hapa Kitui, nilificha muthokoi wangu kwa kuona haya, maana wenzangu walibeba biskuti na soda. Kufikia saa saba, jua likichoma kweli kweli, rafiki yangu alishikwa na kizunguzungu. Biskuti zilikuwa zimekwisha, na pesa hana. Nikatoa kopo langu, tukala sote, hata walionicheka!

Maoni yangu ni haya: tubebe chakula cha nyumbani, kofia na maji tele. Tukienda Tsavo, maji yawe kwenye chupa ya kudumu, kwani tangu Juni 2020 zile za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku mbugani. Jamani, aibu haishibishi mtu.