Mkulima huna deni la gesijoto, lakini mkaa unakumaliza mwenyewe



Semina za mabadiliko ya tabianchi zimekuwa nyingi vijijini. Mtaalamu anashuka kwenye gari, anakuonyesha picha ya dunia inayoungua, halafu anakuambia wewe mwenye ekari mbili na tanuru moja ndiye unayeharibu hali ya hewa. Mnapewa soda, mnapiga makofi, mnarudi nyumbani na lawama isiyo yenu. Leo nasema wazi: hiyo si kweli. Na ubaya wake ni kwamba inazaa kisingizio kibaya zaidi, nitakachokitaja chini.

Tuanze na hesabu. Gesijoto za nishati ni zile zinazotoka tunapochoma mafuta, gesi asilia na makaa ya mawe kwa ajili ya magari, viwanda na umeme. Kwa Tanzania, hewa ukaa ya namna hiyo imeongezeka zaidi ya mara nne tangu 1990. Sababu zinajulikana. Tulikuwa watu milioni 23 kwenye sensa ya 1988, tukafika karibu milioni 62 kwenye sensa ya 2022. Malori na bodaboda vimejaa barabarani. Na umeme wetu, uliotegemea sana mabwawa kama Mtera na Kidatu, ulitikiswa na ukame. Mgao wa 2006 wengi mnaukumbuka. Taifa likaegemea gesi ya Songo Songo, hadi Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 liliporudisha maji mbele.

Mara nne inatisha ukiisikia hivyo hivyo. Sasa igawe kwa watu: bado ni chini ya nusu tani kwa mtu kwa mwaka. Wastani wa dunia unazidi tani nne, na Mmarekani mmoja ni karibu tani 14. Afrika nzima, yenye karibu mtu mmoja kati ya kila watano duniani, inatoa kama asilimia 4 tu. Anayekuambia wewe ndiye uliyeipasha dunia joto, mwombe akuonyeshe hesabu yake.

Lakini hesabu hiyo ina tundu

Kwa taratibu za kimataifa, hewa ukaa ya kuni na mkaa haijumlishwi kwenye safu ya nishati. Inahesabiwa upande wa ardhi na misitu, pale miti inapokatwa isirudi. Na sisi nyumba nyingi mno bado zinapikia kuni na mkaa. Kwa hiyo nishati tunayoitegemea kuliko zote karibu haionekani kwenye takwimu za nishati. Ukitaka kuiona, tazama msitu: takwimu za serikali zimetaja upotevu wa hekta karibu 469,000 kwa mwaka. Kufungua mashamba mapya ndiko kunakoongoza, na mkaa unakwenda nyuma ya shoka lile lile.

Hapa ndipo ninapogombana na nyie, ndugu zangu. Nasikia mkisema, "Wazungu walichafua wakatajirika, na sisi tuacheni tukate." Mzungu hachoti maji kwenye kijito chako. Kilima kikibaki uchi, udongo unaokwenda na mvua ni wako, na mama anayeongeza mwendo kutafuta kuni ni wa nyumbani kwako. Huna deni kwa dunia, sawa. Kwa chanzo chako cha maji unalo.

Na tazama hasara ya mfukoni. Tanuru la udongo lisilopangwa vizuri hukupa kilo moja hadi mbili za mkaa kwa kila kilo 10 za kuni. Zilizobaki zimepaa moshi, pamoja na jasho lako la kukata na kubeba.

Wakubwa nao wasikie. Kupiga marufuku peke yake hakusaidii. Mkaa ulipigwa marufuku 2006 na marufuku haikudumu, kwa sababu watu walikuwa bado wanahitaji kupika. Mkaa ukikatazwa bila mbadala, unasafiri usiku na kijiji hakipati hata senti ya ushuru.

Kinachowezekana

Wilayani Kilosa, tangu 2012, vijiji kadhaa vilianza kuvuna mkaa kwa mpango. Eneo la uvunaji linagawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa, na kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24. Visiki vya miombo vinachipua vyenyewe visipochomwa moto wala kung'olewa. Ushuru unaingia kwenye mfuko wa kijiji. Kwa hiyo msiseme haiwezekani.

Anza na haya:

1. Kausha kuni kabla ya kupanga tanuru. Panga kwa kubana, acha njia ya hewa, na usiliache bila mlinzi. Tanuru likisimamiwa vizuri linaweza kukaribia kilo mbili na nusu kwa kuni zile zile 10.
2. Acha kisiki kizima, na zuia moto na mifugo mpaka machipukizi yakue.
3. Nyumbani tumia jiko banifu. Mwenye uwezo wa gesi aanze hata kwa chai ya asubuhi.
4. Mfanyabiashara, uliza mkaa umetoka wapi na dai kibali. Msitu ukiisha, biashara yako imeisha kabla ya ile ya mkulima.
5. Pelekeni ajenda ya mpango wa matumizi ya ardhi na uvunaji kwenye mkutano mkuu wa kijiji ujao. Msisubiri mradi.

Siku mtaalamu akija tena na picha zake, msipige makofi tu. Mwambieni hesabu mnaijua, kisha mpelekeni mkamwonyeshe msitu wenu. Hakikisheni siku hiyo bado upo.

Maswali na maoni nayakaribisha, hasa kutoka kwa wachoma mkaa wenyewe.