Namba za Mistari Zisitudanganye

Wako watumishi wa umma wanaodhani kwamba kupanga hati ni kazi ndogo ya mpiga chapa, na kwamba mkubwa wa ofisi hana haja ya kuifahamu maadamu karatasi imefika mezani ikiwa safi. Sikubaliani nao. Hati ya kisheria iliyopewa namba za mistari ni chombo cha kupimia, na kipimo kikiwa kibovu anayeumia ni yule ambaye haki yake inapimwa.

Tutazame jimbo la California nchini Marekani, ambako jambo hili limeandikwa katika kanuni za mahakama. Hati ya madai huko huwa na namba upande wa kushoto, zikianza na 1 katika kila ukurasa, na kwa kawaida hukoma 28. Kanuni inataka zisipungue namba tatu katika kila inchi ya urefu wa karatasi, tena zitengwe na maandishi kwa nafasi au kwa mstari wa wima. Ukurasa wa kwanza una utaratibu wake: jina na anwani ya wakili huanza mstari wa 1, upande wa kulia wa mistari ya 1 hadi 7 huachwa mtupu kwa matumizi ya karani wa mahakama, na jina la mahakama huandikwa mstari wa 8. Kwa hiyo wakili akitaja ukurasa wa 4, mstari wa 12, jaji na mpinzani wake huweka kidole mahali pamoja. Bunge la Uingereza nalo huchapa miswada yake ikiwa na namba kila baada ya mistari mitano, na mbunge anayetaka neno liondolewe hutaja ukurasa na mstari.

Zamani karatasi hizo za mahakama ziliuzwa zikiwa zimekwisha kuchapwa namba, na mpiga chapa alihakikisha tu kwamba mashine yake inakwenda hatua moja nazo. Kompyuta imeleta urahisi, na pamoja na urahisi imeleta mtego.

Njia ya kwanza ni kuiamuru programu ihesabu yenyewe. Katika Microsoft Word amri hiyo imo katika sehemu ya mpangilio wa ukurasa, na mtumiaji huchagua kama hesabu iendelee hati nzima au ianze upya kila ukurasa. Njia hii yafaa sana kwa rasimu inayojadiliwa na kamati. Lakini ijulikane kwamba programu haihesabu mistari iliyomo ndani ya majedwali, tanbihi wala visanduku vya maandishi. Aliyeweka kiini cha hoja yake ndani ya jedwali atakuta hakina namba.

Njia ya pili ndiyo wanayoitumia mawakili wengi wa California. Namba zote 28 huwekwa ndani ya kisanduku katika sehemu ya kichwa cha ukurasa, nazo hujirudia kila karatasi. Namba hizi hazijui maandishi yamefika wapi. Zimesimama kama nguzo za simu kando ya barabara. Kuyafanya maandishi yaende sambamba nazo ni wajibu wa mwandishi. Namba zikiwa zimeachana pointi 24, basi nafasi ya mistari iwekwe pointi 24 kamili, na nukuu zinazobanwa ziwe pointi 12 kamili, ili mistari miwili ichukue nafasi ya namba moja.

Wengi huchagua nafasi mbili wakidhani ni kitu kile kile. Sivyo hata kidogo. Nafasi mbili kwa herufi za Times New Roman za ukubwa wa 12 ni karibu pointi 27.6, kwa kuwa programu hufuata kimo cha herufi zenyewe. Tofauti ya pointi 3.6 haionekani kwa macho, lakini hujikusanya. Mstari wa saba wa maandishi hujikuta umesimama kando ya namba 8, na ukurasa huisha ukiwa na mistari 24 tu ilhali namba ni 28. Ongeza hapo ile nafasi ya ziada ambayo programu huiweka baada ya kila aya bila kuombwa, na kila aya itazidi kuusukuma mstari mbali na namba yake.

Wapo pia wanaoandika namba kwa mkono mwanzoni mwa kila mstari. Hao wasihesabiwe kuwa na njia. Neno moja likiongezwa, namba zinazofuata huzama katikati ya sentensi.

Mwaka 2021 Tanzania ilitunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hati nyingi sasa zinaandikwa upya, na huu ndio wakati wa kuamua umbo lake. Sisemi kila barua ipewe namba za mistari. Aya zenye namba zatosha kwa shughuli nyingi. Lakini rasimu itakayobishaniwa neno kwa neno, au kifungu cha ufahamu ambacho mwalimu atauliza maana ya neno lililo mstari wa 15, vyahitaji namba za kweli. Wala si haki kumkaripia mpiga chapa aliyepewa kiolezo kibovu na mkubwa asiyejua kukikagua. Kukikagua hakuhitaji fundi: chapa ukurasa mmoja uliojaa maandishi, laza rula chini ya namba 28, kisha tazama kama inapita chini ya mstari au inaukata katikati.