Abiria Chunga Mzigo Wako, na wa Mwenzako



Ndugu yangu, dada yangu, maneno haya umeyasoma mara nyingi ndani ya daladala: abiria chunga mzigo wako. Leo tuyaangalie kwa jicho la dini, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba kuubana mkoba kifuani ni kuwadhania watu vibaya. Mtu anapanda mwendokasi pale Gerezani jioni, watu wamejaa mpaka mlangoni, simu iko mfuko wa nyuma, begi liko mgongoni na zipu wazi. Ukimgusa bega kumtahadharisha anakujibu, "Namtegemea Mwenyezi Mungu."

Huko siko kutegemea. Unaijua habari ya yule bwana aliyemuuliza Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) kama amfunge ngamia wake kisha ategemee, au amwache tu na kutegemea. Aliambiwa afunge kwanza. Imo katika Tirmidhi. Zipu yako ndiyo kamba ya ngamia.

Mafakihi wamelifafanua jambo hili kuliko wengi tunavyojua. Katika mlango wa wizi wana neno hirz, maana yake mahali ambapo mali huhifadhiwa kwa desturi: fedha ndani ya sanduku, mifugo ndani ya zizi. Neno hilohilo ndilo lililotuzalia hirizi. Angalia tulivyofanya: jina tumelivika shingoni, ulinzi wenyewe tumeusahau.

Sasa mali iliyo mwilini mwa mtu, hirz yake ni nini? Hapa wanazuoni wanataja kisa cha Safwan bin Umayya (radhi za Allah ziwe juu yake). Alilala msikitini akiwa ameweka joho lake chini ya kichwa. Akaja mwizi akalichomoa. Safwan akamkamata, akampeleka kwa Mtume. Ilipotoka hukumu akaona huruma, akasema amemwachia joho lile. Akaulizwa kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta. Wanazuoni wakachukua humo kwamba mwili wa mtu ni hirz ya kilicho juu yake, hata akiwa usingizini. Wakazungumzia pia yule waliyemwita tarrar, mchomoaji wa enzi hizo, aliyepasua mikono ya kanzu kwa sababu watu walikuwa wakiweka fedha humo. Kwa hiyo wembe unaopasua mikoba Kariakoo si jambo jipya.

Sisemi haya ili mtu akatafute kisu. Hukumu ni ya mamlaka, na ndiyo maana Safwan alimpeleka mtu wake mbele ya mwenye mamlaka badala ya kumfundisha adabu palepale.

Bibi zetu waliijua hirz bila kufungua kitabu. Senti zao zilifungwa pindoni mwa kanga, nao wazee wa kiume walizikunja kibindoni. Hamadi kibindoni, silaha iliyo mkononi. Leo kanga ipo lakini simu tunaichomeka ubavuni mwa mtandio, nusu ndani, nusu nje. Weka mfuko wa mbele. Begi livae kifuani unapopanda na unaposhuka, maana mlangoni ndipo wanapofanyia kazi: mmoja anajifanya amekwama mbele yako, mwingine anakusukuma nyuma, wa tatu anachukua na kumpa wa nne ambaye hukumwona kabisa. Ukimkagua aliyekusukuma hukuti kitu. Nauli itoe kabla hujafika kituoni, usifungue bunda la noti mbele ya watu. Na namba ya siri ya pesa za simu usiiandike kwenye karatasi ukaibandika nyuma ya simu, nawaomba sana.

Na hicho kilichomo mkobani mara nyingi si chako peke yako. Ni mchango wa kikoba uliokabidhiwa na wenzako, ni ada ya mtoto, ni pesa ya dawa ya mama. Ukipewa amana ukazembea katika kuihifadhi, mafakihi wanasema unalipa. Hutaweza kusema "niliibiwa" ukanyamaza, ikiwa wewe ndiye uliyeiacha wazi.

Lakini mimi simlaumu sana aliyeibiwa. Namlaumu aliyeona. Ndani ya basi lile kuna watu wawili au watatu walioona vidole vikiingia kwenye mkoba wa yule mama, wakageuza uso dirishani. Najua hofu ipo, wale watu hutembea kwa kundi. Basi si lazima upigane. Sema kwa sauti ya kawaida, "Mama, mkoba wako uko wazi." Maneno matano tu. Hujamtaja mtu, hujanyoosha kidole, lakini mkono ule utarudi ulikotoka. Kukataza baya kwa ulimi kuna sura nyingi, na hii ni nyepesi.

Usipige ukelele wa "mwizi!" Wewe na mimi tunajua unavyoishia mitaani kwetu: mawe, tairi, petroli. Magazeti yataandika "wananchi wenye hasira", kana kwamba hasira ndiyo hakimu. Hata aliyehukumiwa kwa wizi katika sheria yetu hauawi kwa ajili ya simu, achilia mbali aliyenyooshewa kidole tu, na huenda siye. Uliyepiga teke moja kisha ukaenda zako nyumbani kuswali, damu ile una sehemu yako ndani yake.

Wa mwisho ni wewe unayenunua. Simu ya laki nne unaiuziwa elfu themanini, haina boksi, haina risiti, muuzaji anaangalia huku na huku, nawe unasema alhamdulillah nimepata bahati. Ile ni simu ya yule mama. Kama si wewe, mchomoaji angeipeleka wapi? Sheria ya nchi nayo inamhesabu mpokeaji wa mali ya wizi kuwa mkosaji. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06#, linganisha namba itakayotokea na ile ya kwenye boksi.

Na ukiwa umekwishainunua, ukajua baadaye ni ya wizi? Haijawa yako kwa kulipa. Mtafute mwenyewe umrudishie, au uipeleke polisi, huenda aliyeibiwa alikwenda kuandikisha akapewa RB. Fedha yako mdai aliyekuuzia. Ikishindikana kabisa kumpata mwenye mali, wanazuoni wengi wanasema thamani yake itolewe sadaka kwa niaba yake.

Wallahu aalam.