Mipangilio ya Vim si ya kuazima

Wanafunzi wengi wa kompyuta huanza kutumia Vim, kihariri cha maandishi, kwa kunakili faili zima la mipangilio, ".vimrc", la mtu mwingine. Ni kosa. Siku kitufe cha Tab kinaporuka nafasi nane badala ya nne, hawajui pa kuanzia.

Jibu limo ndani ya Vim yenyewe. Mtumiaji akiifungua kwa amri "vim --clean", inawaka bila mipangilio yake wala programu-jalizi alizoongeza. Tatizo likitoweka, mchawi yumo humo humo katika alivyonakili au kuongeza. Kisha, akiifungua tena kwa kawaida, amri ":verbose set tabstop?" humtajia idadi ya nafasi iliyowekwa, pamoja na faili lililoiweka mara ya mwisho. Mara nyingi ni programu-jalizi iliyogeuza mambo kimyakimya. Mistari kumi anayoielewa itamfaa kuliko mia tatu ya kuazima.

Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kufariki mwaka 2023, aliigawa bure, akiwaomba watumiaji wawasaidie watoto wa Kibaale, Uganda, alikowahi kufanya kazi. Pia aliacha mwongozo mpana, unaofunguka kwa ":help". Anayeanza leo aende sura ya 5, inayofundisha mipangilio, aongeze mstari mmoja mmoja na kuujaribu.