Mama Akishika Bango, Asiulizwe Mumewe Yuko Wapi

Kuna swali lisilozeeka katika nchi hii. Kila wanawake wanapotoka na mabango kudai maji na misitu, mkubwa fulani huuliza: hawa hawana waume? Twalijua swali hilo tangu 1989, Profesa Wangari Maathai alipopinga jumba la orofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park. Bungeni walimdhihaki kwa talaka yake. Jumba halikujengwa; bustani ipo.

Wasomaji wetu wa makanisani watakumbuka yaliyofuata. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kutokula katika bustani iyo hiyo. Tarehe 3 Machi askari waliwajia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo, na laana hiyo haikuhitaji mkalimani. Kanisa Kuu la All Saints likawapokea, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Januari 1999 Profesa na wenzake walikwenda msitu wa Karura kupanda miche, wakashambuliwa, naye akapasuliwa kichwa. Agosti mwaka huo Rais alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Twayarejelea haya kwa kuwa wapo wanaodhani mabadiliko ya tabianchi ni mazungumzo ya wataalamu katika mahoteli ya ng'ambo. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini mwa nchi. Ni nani aliyetembea mbali zaidi na mtungi mgongoni? Wanasayansi walieleza 2023 kwamba joto linalosababishwa na binadamu liliongeza uwezekano wa ukame ule angalau mara 100. Mwaka uliofuata yakaja mafuriko, na huko Mai Mahiu familia zikasombwa usiku.

Moshi mwingi ulioleta joto hili haukutoka kwetu. Hilo twalikubali, na mataifa tajiri yana deni. Lakini shoka ni letu. Serikali iliyoahidi kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032 ndiyo iliyoondoa, Julai 2023, katazo la ukataji miti lililowekwa 2018. Mkono upi tuuamini, unaopanda au unaokata?

Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Si hisani ya mkuu wa kituo cha polisi. Na umma ukishikilia, husikika: Juni 2019, baada ya wakazi wa Lamu kupinga kwa miaka, leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ilibatilishwa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Wachungaji na mapadri, ibada za kuombea mvua twazihudhuria, na tutazidi kuzihudhuria. Hata hivyo, yule mjane wa Injili ya Luka hakumngojea kadhi dhalimu nyumbani kwake. Alimwendea, akamwendea tena. Twaomba basi kwamba akina mama watakapoandamana, malango ya makanisa yasifungwe. Na kila kaunti inayopokea fedha za tabianchi isome hesabu zake hadharani katika kila wadi, siku ya soko, wenye mitungi wakiwapo.